Mofini ya Siku ya Posa

Wanangu mnaoanza kazi ya wodini, mmenifuata mara tatu hapa nyumbani Buzebazeba mkitaka niwasimulie tulivyofanya kazi miaka ile ya wakimbizi. Mnakuja na soda, mnakaa mkekani, mnaniangalia kana kwamba nilikuwa naponya watu kwa kuwagusa. Mnanitia aibu. Leo nawaandikia, maana nikisema kwa mdomo mtacheka mapema na kilichobaki hamtakisikia. Jueni kwanza kwamba kwa miaka kumi na moja kazi yangu kubwa ilikuwa kuzuia dawa ya maumivu isimfikie mwenye maumivu, na kazi hiyo niliiweza sana. Nilipewa hata cheti.

Habari yenyewe ni ya mtu mmoja aliyetaka jambo dogo tu: akae kwenye kiti kwa saa mbili, akili timamu, azungumze siku watu wanakuja kumposa binti yake. Jambo hilo nusura nimnyime mimi. Nilikuwa namnyima kila asubuhi, kwa adabu kabisa, huku natabasamu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza funguo za kabati la dawa kali. Letu lilikuwa sanduku la chuma lililofungiwa ndani ya kabati la mbao, na humo mlikuwa na sindano za pethidini, vidonge vya kodeini, na chupa ndogo za kahawia zenye unga wa mofini. Funguo zilikuwa mbili, zikining'inia shingoni mwangu ndani ya gauni. Nilioga nazo. Nusura nijifungue nazo mtoto wangu wa nne. Mkunga ndiye aliyenivua, nami nikamfokea katikati ya uchungu kwamba azishike mkononi, asithubutu kuziweka mezani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema laiti angezaliwa chupa ya pethidini, angetunzwa na mkewe vizuri zaidi.

Aliyenifundisha woga huo ni Mzee Rashidi, mchanganya dawa wetu, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alikuwa na sababu. Kabla sijafika palikuwa na mfunga vidonda mmoja aliyeanza kujichoma pethidini ya wagonjwa kwa sababu ya jino. Jino likang'olewa, yeye akaendelea kujichoma. Wagonjwa wakawa wanachomwa maji. Walipomgundua alikuwa keshaharibika, hana kazi wala mke, anatembea stendi anaomba vichupa vitupu. Mzee Rashidi alinisimulia kisa hicho siku yangu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Basi tukalinda. Tulilinda mpaka dawa ikapita muda wake. Hapo lilichimbwa shimo nyuma ya jiko, ikaitwa kamati, akaitwa na askari, tukatia saini watu wanne, dawa ikateketezwa kwa taratibu zote. Nakumbuka safari moja moshi ulipanda ukaingilia madirisha ya wodi ya wanaume, na mle ndani walilala watu waliokaza meno kwa maumivu. Askari akauliza kama moshi ule unalevya. Tukacheka sana. Kicheko kile nikikikumbuka sasa hivi, na uzee huu, moyo unaniuma.

Msidhani hatukumpa mtu yeyote. Tulikuwa na Mzee Hamadi, mfanyabiashara wa dagaa, mnene, mkarimu, mwenye mgongo unaouma. Akishuka kwenye gari pale getini hata wapishi walijua amefika. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita Mungu, anamwita mama yake, anatuita sisi kwa majina. Nani angeweza kuvumilia? Nilikuwa navua funguo mbio, anachomwa pethidini, ananyamaza, anarudi dukani. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa wiki, ikawa mbili, ikawa anakuja na khanga ya zawadi ili asipange foleni. Mgongo wake haukuwa na kidonda wala uvimbe wala mfupa uliovunjika. Ulikuwa mgongo wa mtu anayekaa kwenye kiti kuanzia alfajiri hadi magharibi.

Sikieni hapo, maana nyinyi mtakutana na akina Hamadi wengi kuliko mimi. Mgongo wa namna ile unataka kutembea, kunyooshwa, maji ya moto, vidonge vya kawaida kwa siku chache, na subira ya miezi. Pethidini inakaa mwilini saa mbili tatu, ikitoka maumivu yanarudi na hasira, na ukiirudiarudia mikono inaanza kurukaruka. Alipokuja daktari kijana, Dokta Lameki, alimpunguzia Mzee Hamadi sindano kidogo kidogo kwa miezi miwili, akamwamuru aende msikitini kwa miguu. Mzee Hamadi alitulaani wote. Ila alikwenda kwa miguu, na huko alikoenda alitulaani kwa pumzi nzuri zaidi.

Sasa, wakati huo huo ambapo Mzee Hamadi anapewa pethidini kwa kupiga kelele, kitanda cha saba alikuwa amelala Mzee Salvatori.

Alikuwa Mrundi. Alivuka kupitia Kagunga, kijiji cha mpakani ziwani, na mkewe Spesiyoza na binti yao Godeliva. Huko kwao alikuwa katekista na fundi wa kuezeka nyumba. Ndugu zake wa kiume vita viliwamaliza, hakubaki hata mmoja. Kambini alianza kuumwa nyonga, wakadhani baridi, wakampa vidonge. Kumbe ni saratani, imeanzia kwingine na imeshaingia mifupani. Akaletwa kwetu kwa rufaa, mke na binti wakapewa chumba mtaa wa Gungu kwenye nyumba ya jamaa wa wagonjwa. Kupona haikuwezekana. Aliambiwa, na alielewa kuliko sisi tuliomwambia.

Hapa ndipo penye kosa langu, na naliandika kwa mkono wangu ili msije mkalisikia kwa watu. Mama yangu ni Muha, na mwenye Kiha hapotei kwenye Kirundi. Nilikuwa najivuna nacho hicho. Wenzangu walipita vitandani kama watu wanaohesabu magunia. Mimi nilisimama, nikainama kidogo, nikamwamkia mtu kwa lugha ya nyumbani kwake. "Mwaramutse, mzee. Amakuru?" Habari gani. Naye Mzee Salvatori anajiinua kwa kiwiko, anaweka uso sawa, ananijibu, "Ni meza." Ni njema. Basi ninaandika kwenye faili: hana malalamiko. Nikafanya hivyo wiki sita. Faili lake lilikuwa zuri, limenyooka, mwandiko safi. Daktari akilisoma anaona hapa pana mzee anayeumwa saratani ya mifupa bila maumivu yoyote, anashukuru Mungu, anapita.

Hebu fikirini. Mtu mzima, katekista, yuko ugenini, anaamkiwa na mwanamke aliye mdogo kwake mbele ya wodi nzima. Ajibu nini? Hata kwetu Ujiji, mtu ana homa ya kumtoa roho, ukimwambia hujambo atakwambia sijambo. Ya homa yatakuja baadaye, mkishakaa. Nilikuwa najua hivyo tangu utoto. Nilivaa gauni jeupe nikasahau. Tena hilo baadaye sikulingoja, nilikuwa nimeshafika kitanda cha nane.

Siku moja asubuhi nilimkuta Spesiyoza bombani anafua shati la mumewe. Alikuwa mama mwembamba, mkimya, hatazami mtu usoni. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akanyoosha lile shati mbele yangu. Kola ilikuwa imeliwa. Nasema imeliwa, imetafunwa, nyuzi zinaning'inia. La pili lililokuwa kwenye beseni nalo hivyo hivyo. Mumewe alikuwa anauma kola ili asigune mbele ya watu.

"Sista," akaniambia, "wewe unamsalimia. Hujawahi kumwuliza."

Akanieleza mengine huku anakamua. Wakwe watarajiwa wanatoka Kagunga baada ya wiki tatu kuja kumwomba Godeliva. Kwa desturi yao siku hiyo ni ya maneno. Upande wa mvulana wanakuja na msemaji, upande wa binti wanajibu, wanachokozana na kufumbiana kwa saa nzima au mbili, na hapo ndipo inajulikana binti ametoka kwa watu gani. Msemaji wa binti huwa baba mdogo au mkubwa. Godeliva hana. Amebaki baba yake tu, na baba yake hajakalia kiti tangu aondoke kambini. Anakula amelala ubavu. Wapo watu wanaojua kusema ambao wangeweza kuazimwa kambini, lakini hao hawajui hata bibi yake Godeliva aliitwa nani. Salvatori alikuwa amesema asipoweza kuzungumza yeye mwenyewe, mwanawe ataondoka pale kama mtu asiye na kwao.

Nilisimama pale bombani na mafaili yangu kifuani, aibu imenipanda mpaka masikioni. Nilitaka kujitetea.

Nikarudi wodini, nikavuta stuli, nikakaa. Nanyi kaeni, tafadhali. Mgonjwa akiona umesimama anajua una safari. Na msimwulize mtu mzima kama anaumwa, wala msimpe namba moja hadi kumi kama mnavyofundishwa siku hizi. Atakupa namba ya adabu. Muulize vitu vya mwili wake. Nani amemvalisha suruali leo? Analalia ubavu gani, na tangu lini? Mwislamu mwulize kama anasujudu au anaswali kwenye kiti. Mama mwulize nani anasonga ugali nyumbani. Mimi Mzee Salvatori nilimwuliza akikohoa anafanyaje.

"Kikohozi," akasema, "namwomba Mungu kisije."

Mchana huo tuliingia chumba cha dawa watu watatu, Dokta Lameki, Mzee Rashidi na mimi, tukazichambua dawa moja moja. Panadoli alikuwa anakunywa mpaka kipimo cha mwisho, haigusi. Diklofenaki ingesaidia mifupa, lakini kambini ilimtapisha damu. Kodeini walimpa huko huko kambini siku tano, ikamfunga choo na maumivu yakabaki pale pale. Wengine miili yao haijui kuigeuza ile ikawa na nguvu, na kuongeza vidonge hakusaidii. Tramado Spesiyoza alikuwa keshamnunulia duka la dawa, ikamtapisha na kumzungusha kichwa. Pethidini, basi tumwangalie Mzee Hamadi. Ikabaki chupa ya kahawia.

Mzee Rashidi alikuwa anaifuta mizani yake ambayo haikuwa na vumbi. Mwishowe akasema kwamba mtu akianza kunywa hii, hatoki.

"Mzee wangu," Dokta Lameki akamjibu, "huyu hatoki hata asipokunywa."

Kisha Mzee Rashidi akanyoosha kiganja bila kunitazama, nami nikazivua funguo nikampa. Aliupima ule unga mara mbili, akauchanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia rangi ili mtu asije akadhani ni maji ya kunywa. Nilimpenda sana mzee yule siku ile.

Kabla ya tone la kwanza Dokta alimweleza Mzee Salvatori yote. Itamletea usingizi siku mbili tatu, pengine kichefuchefu, itapita. Hatakuwa mlevi wala mtumwa wa dawa. Haikuwa dawa ya kumharakishia kaburi, kama watu wa wodi ile walivyokuwa wanasema. Mzee alisikiliza akauliza swali moja tu.

"Maneno yangu yatabaki?"

Dokta Lameki angeweza kumdanganya. Alimwambia hajui, lakini tutakitafuta kipimo cha kumwacha na maneno yake, na tukishindwa tutamwambia. Kwa jibu hilo nilianza kumheshimu yule kijana, pamoja na viatu vyake vya kuchongoka.

Tulianza kidogo, kwa mdomo, kila baada ya saa nne. Saa ndiyo inayoita dawa, si kuguna kwa mgonjwa. Ukingoja agune umeshachelewa. Tangu siku ya kwanza tukampa na dawa ya kulainisha choo, na papai juu yake, maana mofini bila hiyo ni kuyatoa maumivu nyongani na kuyapeleka tumboni. Siku ya pili alilala tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Alilala chali. Nilidhani nimemuua. Nilikaa pale nahesabu pumzi zake, natafuta cha kuwaambia watu, mpaka Spesiyoza akanishika bega akaninyamazisha nisimwamshe. Mtu hajalala miezi minne, unategemea akilala afanyeje?

Jirani yake wa kitanda cha sita akaniita pembeni, akanong'ona kwamba na yeye angependa yale maji ya Salvatori. Wa kitanda cha tisa vile vile. Wodi yangu isiyokuwa na malalamiko hata moja ikawa na malalamiko saba kwa wiki moja. Nikagundua nilikuwa naongoza wodi ya watu wenye adabu sana.

Kipimo hakikupatikana kirahisi. Tulipoongeza, maumivu yaliisha kabisa na maneno yakaondoka nayo. Alikuwa anaanza sentensi, inamfia mdomoni, anatazama ukuta. Siku hiyo alilia, mara ya pekee niliyomwona akilia. Tukapunguza. Maumivu yakarudi kidogo, akasema hayo kidogo ni yake, anayamudu. Nikaona kitu ambacho cheti changu hakikunifundisha: sisi tulikuwa tunatafuta maumivu yaishe, yeye alikuwa anatafuta kukaa kitako na kusema. Hivyo vipimo viwili si kimoja.

Tukafanya majaribio. Tulimkalisha kwenye kiti chenye mito miwili, mimi na saa mkononi, na wodi nzima wakawa watazamaji. Alihitajika mtu wa kuwa msemaji wa wakwe. Mzee Hamadi, aliyekuja kupimwa presha, akajitolea. Posa ya Kirundi haijui, lakini bei anaijua, akaanza kumpunguza thamani Godeliva kama anayenunua dagaa wa jana. Mzee Salvatori akamjibu kwa upole neno moja moja mpaka Mzee Hamadi akaishiwa, akaomba maji. Dakika arobaini alikaa. Siku ya tatu, saa nzima na nusu.

Nikadhani tumemaliza, ndipo Spesiyoza akaniambia habari ya pombe. Baba wa binti na mkubwa wa wakwe lazima wanywe pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Asiyekunywa amekataa undugu. Na mofini na pombe, wanangu, hazikai nyumba moja. Zote mbili zinalaza pumzi. Mzee Salvatori alisema basi siku hiyo aiache dawa. Nikakataa. Akasema basi atashika mrija mdomoni bila kuvuta. Spesiyoza akacheka, mara ya kwanza kumsikia, akasema wakwe hawatazami mdomo, wanatazama koo. Mwisho aliamua mama huyo mwenyewe: atakamua juisi ya ndizi asubuhi ile ile, isichachuke, aitie kwenye chungu cha wakubwa wawili, na pombe kwenye vyungu vingine. Mkubwa wa wakwe atagundua kwa funda la kwanza. Hapo alisema tumwachie Mungu.

Siku ikafika. Niliomba ruhusa ya kumtoa mgonjwa kwa siku moja. Ruhusa ya mtu ilitoka, ruhusa ya dawa haikutoka. Kanuni ilisema mofini inywewe ndani ya wodi mbele ya muuguzi. Kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni Mzee Salvatori aliruhusiwa kwenda kuumia. Nilisoma karatasi ile mara mbili. Kisha nikatia vipimo viwili kwenye kichupa, nikakiweka kifuani pamoja na funguo, nikajifunga khanga, nikapanda naye kwenye gari kwenda Gungu. Sikuwahi kuvunja kanuni kabla ya hapo. Sikujuta.

Wakwe walitegemewa saa nne. Nikampa kipimo cha saa nne, tukamkalisha. Saa tano, hawajafika. Saa sita, hawajafika. Injini ya boti imezima njiani. Mzee ameshavaa koti la kuazima, uso umeanza kukaza, mkono unatafuta kola. Nikamwambia tumlaze. Akakataa. Walitokea saa nane kamili, saa ya kipimo cha pili, wanaingia uani na nyimbo huku mimi namnywesha nyuma ya pazia. Inataka nusu saa kuanza kufanya kazi. Spesiyoza nilimtazama tu, akaelewa. Alitoka akawapokea wageni kwa salamu ndefu ambazo sijawahi kusikia, akauliza ng'ombe, mvua, safari, watoto wa watoto, akawahamisha viti mara mbili kwa sababu ya jua. Nusu saa yote ikapita kwa adabu.

Msemaji wao akaanza. Akasema wamepotelewa na ndama, nyayo zake zimeishia kwenye ua huu. Nilitazama mdomo wa Mzee Salvatori kama natazama mtoto anayejifunza kutembea.

"Hapa ni kwa wakimbizi," akasema taratibu. "Ndama angeingia hapa tungekuwa tumeshamla."

Ua mzima ulicheka, na mimi nikajikuta natokwa na machozi. Kuanzia hapo aliwachezea. Wakisema hivi anasema vile, wakirudi nyuma anawafuata. Chungu kikaletwa. Mkubwa wa wakwe, mzee mwenye ndevu nyeupe, akavuta funda, akasimamisha mrija. Akamtazama Salvatori, akaitazama mito aliyokalia, akanitazama mimi mwenye saa mkononi. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba pombe ya nyumba hii ni kali mno, haifai vijana, na yeye hatakunywa chungu kingine zaidi ya hiki mpaka mwisho. Akainywa juisi ile na mwenzake mpaka ikaisha, na alipoondoka alijifanya anayumba.

Karibu na mwisho msemaji aliuliza, kama desturi inavyotaka, kama baba zake binti wote wamekubali. Hapo ndipo kila mtu aliogopa. Mzee Salvatori akataja jina la kaka yake mkubwa, akasema huyu amekubali ila anataka mkwe ajue kuezeka. Akataja wa pili, akasema huyu ni mbishi, lakini jana amelegea. Akataja wa tatu na wa nne, kila mmoja na neno lake na tabia yake. Spesiyoza alifunika uso. Godeliva alikuwa na baba wanne nyuma yake, tuliwaona wote. Alikaa saa mbili na robo.

Alikufa wiki ya tano baada ya hapo, amelala chali, shati zima.

Mwezi uliofuata walikuja wakaguzi wa kabati, na baada yao ikaja barua kutoka ofisi ya juu. Miaka kumi na moja tuliteketeza mofini shimoni na sikuandikiwa hata mstari mmoja wa kuulizwa kwa nini haikutumika. Sasa nilitakiwa kueleza ndani ya siku saba kwa nini imetumika, tena nyingi hivyo, na kwa nini imetoka nje ya jengo. Nilinyang'anywa funguo, nikapelekwa chanjo, na huko nikastaafia. Shingo yangu ilibaki na alama ya kamba kwa miaka.

Pamoja na barua ilikuja fomu, nayo ilikuwa na mahali pameandikwa: Matokeo ya matibabu, mgonjwa amepona au hajapona, eleza kwa ufupi. Nikachukua kalamu nikaandika: Hajapona. Amemwoza binti yake.